Mvua zimekatika, malaria ndiyo kwanza inaingia: kwa mlio Dar mnaojiandaa kwenda Kilombero kuvuna

MamaDarubini

Wakuu, habari za leo. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, hasa nyie mnaotaka kupanda treni ya TAZARA wiki hizi kwenda mashambani.

Nimekaa maabara ya zahanati moja ndani ya bonde la Kilombero miaka 11 kabla familia haijanileta Dar. Kila mwaka masika ikianza kuondoka napata wasiwasi uleule. Huku mjini watu wanashusha pumzi: mvua imekatika, neti inafuliwa, inakunjwa, inasubiri vuli. Kule bondeni huo ndio wakati benchi la nje ya maabara lilikuwa halitoshi watu. Mwezi wa tatu ukurasa mmoja wa rejista ungeweza kunitosha siku mbili. Mwezi wa sita nilikuwa nafungua ukurasa mpya kabla ya saa sita mchana, na safu ya majibu imejaa alama za kujumlisha toka juu hadi chini.

Ninachotaka kusema ni hiki: malaria ina msimu wake, na msimu huo unakuja nyuma ya mvua. Anayejikinga kwa kuangalia mawingu anaacha kujikinga pale pale hatari inapopanda.

Tuhesabu pamoja. Mvua inanyesha, maji yanatuama. Mbu jike anataga. Toka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili, kwenye joto ni haraka zaidi. Mbu huyo hazaliwi na malaria. Ni lazima kwanza amng'ate mtu mwenye vimelea, halafu vimelea vikomae tumboni mwake na kupanda kwenye tezi za mate, kazi ya siku 10 hadi 14 hivi kwa joto la bondeni. Hapo ndipo akikung'ata wewe unaondoka navyo. Kwako navyo vinakaa kwanza kwenye ini, homa inakuja baada ya siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi. Mpaka hapo mwezi umeshapita tangu dimbwi lijae, na hao ndio wagonjwa wa mwanzo tu. Kila mmoja wao anaambukiza mbu wengine wanaoanza hesabu upya. Kwa hiyo mvua ya Aprili tunakuja kuiona maabara mwezi wa sita.

Halafu kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mbu wa malaria ni zaidi ya mmoja. Yule tuliyefundishwa shuleni, wa madimbwi yaliyopigwa na jua, kwenye kwato za ng'ombe na matairi ya trekta, ni *Anopheles arabiensis* na ndugu zake akina *gambiae*. Hao wanaongezeka na mvua na kupungua nayo. Bondeni kuna mwingine, *Anopheles funestus*. Huyu anataka maji ya kudumu, safi, yenye majani pembeni: kijito kinachotembea polepole, chemchemi, kisima cha kuchimba kwa mkono kisichofunikwa. Mvua ikiwa kali sana makazi yake husombwa. Mvua ikikatika, maji yakatulia, yeye ndiyo anashamiri, na anaendelea ndani ya kiangazi. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walipowachunguza mbu wa vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga walikuta *funestus* ndiye anayebeba zaidi ya 80% ya maambukizi, japo kwa idadi si yeye anayeongoza. Anapenda kuingia ndani, anapenda damu ya binadamu, na dawa ya kawaida ya neti ameshaizoea kwa kiasi kikubwa.

Siku moja vijana wa utafiti walinichukua tukaenda kwenye kijito nyuma ya kijiji. Nilikuwa nimeangalia vimelea kwenye darubini miaka mingi lakini viluwiluwi vya mbu huyu sijawahi kuviona. Kijana akachota kwa kata nyeupe, akasubiri maji yatulie, akanisogezea. Sikuona kitu. Akaniambia angalia pembeni, penye jani. Vilikuwa vitatu, vyembamba kama vipande vya uzi mweusi, vimelala sambamba na uso wa maji, vimenyooka kabisa. Nilipopitisha kivuli cha mkono wangu vikazama. Hatua tano kutoka hapo mama mmoja alikuwa anateka maji ya kunywa.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika. Mwaka juzi mdogo wangu alihamia shambani upande wa Mngeta kuamia ndege. Anayejua mpunga anajua: ukishaanza kubeba, kwelea kwelea hawakupi nafasi, lazima uwepo alfajiri mpaka jua linazama, na nyumbani ni mbali, kwa hiyo unalala kwenye kibanda cha nyasi kisicho na ukuta wa maana. Neti ilibaki kijijini kwa wale wanaosoma. Alikuwa na mtoto wa miaka minne. Mtoto akapata homa, akampa dawa ya kutuliza homa, ikashuka, ikarudi usiku. Kesho yake akaenda duka la dawa la karibu, akauziwa dawa mseto nusu dozi bila kipimo chochote, kwa sababu hela ilikuwa ya nusu dozi. Siku ya tatu mtoto akapata degedege. Bibi mmoja wa vibanda vya jirani akasema degedege halitaki sindano, mtoto akichomwa atakufa, apelekwe kwa mganga kwanza. Mdogo wangu alinipigia simu saa tano usiku analia. Nilimwambia mpande bodaboda sasa hivi, usimsikilize mtu. Walifika hospitali saa nane, akaanzishiwa sindano za artesunate, akafumbua macho kesho yake jioni. Yupo darasa la kwanza sasa. Wakati anaugua, haikuwa imenyesha hata tone kwa wiki tatu.

Huku mjini nako kuna kalenda yake, nitaileta baadaye. Karibuni.

BintiWaTandika

Asante dada, nimesoma mpaka mwisho, pole na mtoto. Swali langu: Tandika tunaliwa na mbu mwaka mzima, masika, kiangazi, kipupwe. Usiku wanaimba masikioni kama kwaya. Lakini nyumbani kwetu tangu mwaka jana hakuna aliyekutwa na malaria. Kama mbu ndio wanaoleta, mbona sisi hatuumwi?

MamaDarubini

Dada Tandika, wengi wa hao wanaokuimbia ni *Culex*. Hao wanazaliana kwenye maji machafu: mashimo ya vyoo, makaro, mitaro iliyooza. Dar hao ndio wengi kuliko aina nyingine zote, na hawabebi malaria. Wanabeba minyoo ya matende na mabusha, kwa hiyo usiwahurumie. Mbu wa malaria akitua ukutani anainua makalio juu, mwili umelala mshazari. *Culex* anatua amejinyoosha sambamba na ukuta. Mwenye madoa meupe miguuni anayekung'ata mchana ni *Aedes*, huyo ndiye wa homa ya dengi iliyotusumbua Dar 2014 na 2019.

Kwa hiyo kelele za mbu si kipimo cha malaria. Mtaa unaweza kuwa na mbu wengi kupindukia na malaria kidogo, na kijiji kikawa na mbu wachache wasiosikika wakati kila nyumba ina mgonjwa.

Na hapa niingie mjini kama nilivyoahidi. Utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta watoto wa chini ya miaka 5 wenye vimelea ni kama 10 kati ya 100 vijijini, na 2 kati ya 100 mijini. Nchi nzima mwaka 2008 ilikuwa 18 kati ya 100, mjue tumetoka mbali. Lakini hao wawili wa mjini hawajasambaa sawasawa. Ukiishi ghorofani Kariakoo na ukiishi ukingoni mwa bonde la Msimbazi hamko mji mmoja. Kwenye matuta ya mchicha na matembele maji yanakaa katikati ya tuta na tuta, yametulia, yamepata jua. Mashimo ya kuchimba mchanga, mashimo ya wafyatua tofali, mtaro ulioziba taka sehemu moja maji yakasimama sehemu nyingine: hapo ndipo mbu wa malaria wa mjini anapozaliwa. Mvua kubwa inaposhuka viluwiluwi vinakwenda na maji mpaka baharini. Mvua inapopungua, yale mabaki yanayotuama ndiyo kiwanda.

Na mbu wa Dar kajifunza tabia zetu. Anang'ata sana nje, kuanzia magharibi, muda ambao tupo uani tunapika, tunasuka nywele, wanaume wapo kibarazani wanaangalia mpira. Unapoingia kwenye neti saa tano usiku yeye huenda ameshakung'ata.

Kalenda ya pili ya mjini ni ya safari. Shule zinafungwa mwezi wa sita na wa kumi na mbili, watoto wanapelekwa kwa bibi. Mtoto wa Dar hajazoea vimelea, mwili wake haujajifunza kupambana navyo kama wa mwenzake wa kijijini anayeng'atwa tangu azaliwe. Anarudi mzima, shule zinafunguliwa, siku ya kumi au ya kumi na tano homa. Mzazi anawaza mafua, vumbi la basi. Hakuna anayekumbuka kwamba wiki mbili nyuma alikuwa Ifakara.

MkulimaMngeta

Mama, heshima yako. Mimi nipo huku huku Mngeta. Nataka kusema bila kukuvunjia heshima kwamba nyie mkishakaa mjini mnasahau. Neti tunaijua. Nani asiyeijua? Nyumbani kwangu tupo saba, neti tunazo tatu. Moja mke wangu alipewa kliniki akiwa mjamzito, moja mtoto alipofikisha chanjo ya surua ya miezi tisa, moja nimenunua mnadani. Msimu wa mpunga familia inagawanyika nyumba mbili, ya kijijini na ya shamba, halafu ikitoka shamba la mwanzo inakwenda la pili. Sasa neti tatu zigawanywe wapi? Kibanda cha shamba hakina dari, hakina mti wa kufungia, upepo unapeperusha, na panya wanakata. Joto nalo. Tunalala nje kwa sababu ndani hapakaliki.

Kuhusu kuvuna, sisi tunalala shambani mpaka mwezi wa saba. Hatuna namna. Mpunga ukiuacha usiku mmoja mifugo inaingia.

Na zahanati iko saa mbili kwa baiskeli, ukifika unaambiwa vipimo vimeisha rudi keshokutwa. Mtu atakwenda duka la dawa tu.

MamaDarubini

Kaka Mngeta, nakubali, na umeniweka sawa. Sikuandika kuwalaumu wa shambani. Mdogo wangu ni mmoja wao. Nimeona mwenyewe vipimo vikiisha wakati ambao vinahitajika kuliko wakati wowote, kwa sababu mgao unakuja kwa wastani wa mwaka na ugonjwa hauji kwa wastani. Hilo la wakati wa kuleta neti na vipimo ndilo linaloniuma. Neti ikigawiwa mwezi wa kumi na moja ikaning'inizwa nyumba ya kijijini, mwezi wa tano mwenye kuihitaji ameshahamia kwingine.

Miaka ya tisini mwanzoni watafiti walihesabu kule Namawala wakakuta mtu mmoja anang'atwa zaidi ya mara 300 kwa mwaka na mbu wenye vimelea. Karibu kila usiku mmoja. Sasa hivi ni mara chache sana kuliko hapo. Neti ndizo zilizofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ile moja unayoweza kuibeba ibebe, mlaze mtoto mdogo na mama mjamzito. Nitaandika chini jinsi ya kuifunga kibandani, nilifundishwa na wavuvi wa mtoni.

Kidugala_wa_Juu

Salaam. Mimi natokea Makete, huwa tunashuka Mlimba kila mwaka kufanya vibarua vya kuvuna. Huku kwetu baridi, mwezi wa sita unaamka unakuta sakitu kwenye majani. Malaria tunaisikia redioni. Mara ya kwanza nimeshuka nilikuwa na miaka 22, wenyeji walikuwa wanaumwa kichwa wanakunywa dawa wanaendelea kuvuna. Mimi nililala siku tisa, nikabebwa. Wenzangu wakasema nimerogwa kwa sababu nilikuwa navuna haraka.

Naomba kuuliza, ni kweli huku kwetu mbu hawezi? Maana siku hizi mbu nawaona.

MamaDarubini

Kaka, hukurogwa. Mwili wako ulikuwa haujawahi kukutana na vimelea, wenyeji wamekutana navyo toka utotoni. Wao wanaweza kuwa navyo kwenye damu na wasiumwe. Na hao wasioumwa ndio wanaovusha ugonjwa toka msimu mmoja hadi mwingine: kiangazi mbu wamepungua, vimelea vinakaa kimya ndani ya watu wazima wazima, mvua ikirudi mbu wanavikuta pale pale.

Huku kwenu mbu anaweza kuwepo, ila vimelea ndani ya mbu vinahitaji joto. Ikishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi, vimelea vya malaria yetu kali haviwahi kukomaa kabla mbu hajafa. Ndiyo maana Njombe ni mkoa wenye malaria kidogo kuliko karibu yote. Wewe ukishuka Mlimba jihesabu kama mgeni kila mwaka, na ukirudi Makete ukapata homa ndani ya mwezi, mwambie mganga wa zahanati neno la kwanza: nimetoka Kilombero. Asipojua hilo hatafikiria malaria.

ChaiKericho

Nimesoma hii nikiwa Kericho, Kenya, na naona kama mnaandika habari zetu. Mvua ndefu kwetu ni Machi hadi Mei, na wagonjwa hospitalini hujaa Juni na Julai. Miaka mingine hakuna kitu kabisa, kisha mwaka mmoja joto linapanda kidogo, mvua inazidi, na ugonjwa unalipuka kwa watu wasio na kinga. Mwaka wa 1998 baada ya El Niño nilikuwa kijana wa shule. Wafanyakazi wa mashamba ya chai walikuwa wamelazwa wawili wawili kwa kitanda, wengine sakafuni. Baba yangu alikuwa mmoja wao na alipona.

Wengi walikuwa wamefanya safari ya Nyanza, kwa ziwa, na wengine hawakuwa wamesafiri popote.

Dereva_Mbagala

Jamani nami nina langu. Nimepata homa mwezi wa saba, nimekwenda dispensari ya mtaani, nimepimwa nikaambiwa nina typhoid na UTI. Dawa za siku saba, elfu arobaini. Homa haikuondoka. Nimekwenda nyingine, nikaambiwa typhoid imeongezeka. Nilikuwa nimetoka Mahenge kupeleka mzigo. Mwisho nimekuja kupimwa malaria siku ya kumi na mbili, iko nyingi. Nimekasirika mpaka leo.

MamaDarubini

Pole sana kaka. Hasira yako naielewa, na kwa kazi yangu najisikia aibu kwa niaba ya wenzangu.

Hicho kipimo cha typhoid wanachokipenda ni Widal. Kinaangalia kinga za mwili, na mtu aliyewahi kuugua zamani, au mwenye homa ya kitu kingine, anaweza kuonekana nayo. Peke yake hakitoshi kumwambia mtu ana typhoid leo. Kipimo cha malaria ni rahisi, ni tone la damu ya kidole na robo saa. Uliza: mmenipima malaria? Kwa kipimo gani? Nionyeshe.

Na kuna upande wa pili. Kile kipimo cha haraka kinasoma protini ya kimelea, na protini hiyo inabaki kwenye damu wiki kadhaa hata vimelea vikishakufa. Mtu aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita akipimwa tena anaweza kuona mistari miwili na hana malaria hai. Hapo ndipo darubini inapohitajika. Tone linakaushwa juu ya kioo, linapakwa rangi, unaangalia kwa mafuta. Vimelea vichanga vinaonekana kama pete ndogo ya samawati yenye kito chekundu. Ukishaiona pete hiyo mara moja huisahau.

Dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24, yaani vinne mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Inywe na chakula chenye mafuta kidogo, hata maziwa au karanga, ndiyo mwili unaipokea vizuri. Watu wanaacha siku ya pili kwa sababu homa imeshuka, vilivyobaki vinawekwa kabatini vimsubiri mgonjwa mwingine. Naomba sana msifanye hivyo. Rwanda, kaskazini mwa Uganda na huku kwetu Kagera vimeshapatikana vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinin. Klorokwini tuliipoteza, SP (ile Fansidar) kama tiba tuliipoteza, mseto tumeupata tangu mwisho wa 2006.

Babu_Ilala

Wajukuu, mimi nimeona Dar hii ikibadilika. Miaka ya themanini mwishoni na tisini Wajapani walisaidia kusafisha mitaro, wakati huo Ilala ilikuwa inapitika. Baadaye, katikati ya miaka ya 2000, tukaona vijana wa mtaa wanapita na mabomba kila wiki, wanamwaga dawa ya viluwiluwi kwenye kila dimbwi, wanaandika kwenye karatasi. Kijana wa mtaa wetu alikuwa anajua kila shimo la maji la kwetu kuliko mwenyekiti. Alikuwa anagonga geti, anasema "shikamoo babu, nimekuja kuangalia tangi lako". Siku hizi simwoni. Kazi ile imekwenda wapi?

MamaDarubini

Shikamoo babu. Kazi ile ilifaa Dar kwa sababu mjini mashimo yanahesabika na vijana wanaweza kuyapitia yote kwa wiki. Dawa waliyotumia ni bakteria wanaoua viluwiluwi tu, haidhuru samaki wala kuku. Kiwanda tunacho sisi wenyewe Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa 2015. Mimi naamini dawa ile inatakiwa iende mpaka bondeni, na iende kiangazi. Masika huwezi kumwaga dawa Kilombero, bonde lote ni maji. Lakini mwezi wa nane, wa tisa, *funestus* amebaki kwenye vijito na visima vichache ambavyo kila mwanakijiji anaweza kuvionyesha kwa kidole. Hapo ndipo pa kumbana.

Na babu, kwamba kijana alikuwa anaangalia tangi lako, hilo ni kubwa kuliko unavyofikiri. Kuna mbu mgeni toka Asia, *Anopheles stephensi*, anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya maji safi ya mjini, mvua iwepo isiwepo. Djibouti walimgundua 2012 wakiwa na wagonjwa 27 tu mwaka huo. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Ameshapatikana Ethiopia, Somalia, na kaskazini mwa Kenya. Akifika Dar, mji unaohifadhi maji kwenye ndoo na matangi, mjini nako kiangazi kitakuwa msimu. Funikeni matangi.

MamaWawili

Na chanjo dada? Nimesikia ipo.

MamaDarubini

Zipo mbili. RTS,S ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, R21 Oktoba 2023. Watoto wa Bagamoyo na Korogwe ni kati ya waliojitolea damu zao kwenye majaribio, tuwashukuru wazazi wao. Zinapunguza ugonjwa, haziuzuii wote, neti inabaki. Nchi za Sahel wana namna nyingine pia: toka 2012 wanashauriwa kuwapa watoto dawa ya kinga kila mwezi wakati wa mvua, kwa kuwa kwao sehemu kubwa ya malaria ya mwaka inarundikana ndani ya miezi minne. Kwetu msimu ni mrefu na una mikia, ndiyo maana huwezi kunakili tu.

MkulimaMngeta

Mama, uliahidi habari ya kufunga neti kibandani. Mimi narudi shamba la pili kesho.

MamaDarubini

Kaka, kata fito nne za urefu wa kifua, zichimbie nje ya kitanda au mkeka, kila kona moja. Usitegemee nguzo za kibanda, zinatikisika. Funga kamba kuzunguka juu za fito zote nne kama kichanja, ndipo uning'inize neti kwenye kamba, siyo kwenye fito, haitachanika. Chini usiiache ielee, ikunje ndani ya mkeka pande zote. Upepo ukiwa mkali tandika kiroba cha mchanga kidogo kila kona. Asubuhi ifungue, ikunje, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko, panya hataipata. Na ishushe kabla ya magharibi, mtoto aingie mapema hata kama hajalala, mpe muwa atafune humo humo.

Neti yako ya mnadani angalia lebo. Kama unaweza kupata ya aina mpya yenye dawa mbili ni bora zaidi kwa *funestus* wenu. Zilijaribiwa Misungwi, Mwanza, na ile yenye dawa ya klofenapiri ikapunguza malaria kwa watoto kuliko za kawaida kwa kiasi kikubwa.

MkulimaMngeta

Fito zipo, mkeka upo. Kamba nitakata kwenye ile ya kufungia magunia. Nimemwambia mke wangu hii yenye lebo ya kliniki ndiyo tunabeba, ya mnadani inabaki kwa wanafunzi. Mdogo ana miezi kumi na nne.

Kidugala_wa_Juu

Mimi niko stesheni ya Makambako, treni inachelewa. Neti nimeiweka juu kabisa ya begi.